Treni ya SGR Dar es Salaam–Dodoma kwa kipimo cha mfanyabiashara

Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kufika Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, sifa nyingi zimeelekezwa kwenye mwendo wake, unaofikia kilomita 160 kwa saa, na kwenye unadhifu wa mabehewa. Sifa hizo inazistahili. Mimi naitathmini kwa kipimo kingine: imepunguza kwa kiasi gani gharama za kufanya biashara Dodoma, mkoa ulio mbali na bandari na unaotaka mafuta yake ya alizeti na mvinyo wake wa zabibu vishindane sokoni na bidhaa zinazotengenezwa au kushushwa pwani?

Kwa upande wa safari za watu, jibu langu ni kwamba imepunguza sana. Nauli ya daraja la kawaida, shilingi 31,000, haipishani mno na ya basi, lakini nauli haikuwa gharama kubwa hata kidogo. Basi la alfajiri, ambalo haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, humfikisha mtu Dodoma alasiri, ofisi zikikaribia kufungwa, kwa hiyo kila kikao hubeba ndani yake gesti, chakula cha usiku na siku ya pili ya kazi iliyopotea. Treni hutumia saa nne au pungufu, na anayepanda ya asubuhi huwahi kikao, humaliza shughuli zake na kurudi Dar es Salaam usiku uleule. Fundi wa mashine za kukamua mafuta anayeitwa kutoka Dar es Salaam sasa anaweza kudai posho ya siku moja badala ya mbili, na kwa msindikaji mdogo hiyo ni nafuu anayoiona kwenye daftari lake mwezi huohuo.

Kinachopunguza nafuu hiyo ni kipande cha mwisho cha safari. Stesheni ya Dodoma iko Mkonze, ilhali Mji wa Serikali uko Mtumba, upande wa pili wa jiji, na mwenye shughuli wizarani hulazimika kulivuka jiji zima kwa teksi au bajaji. Mabasi ya moja kwa moja yanayofuata ratiba ya treni yangeondoa gharama hiyo kwa urahisi.

Hata hivyo, mkoa haushindani kwa vikao pekee. Mimi huuza vifungashio, na mfano ninaoujua vizuri ni dumu tupu la lita 20. Dumu ni jepesi lakini linakula nafasi; lori hujaa kabla halijakaribia uzito wake, na msindikaji wa Dodoma hujikuta analipia usafiri wa hewa kutoka kiwandani Dar es Salaam. Akishalijaza mafuta, analipia tena kulirudisha sokoni Dar es Salaam, kwenye wanunuzi wengi. Mshindani wake anayefungasha mafuta ya mawese kutoka Malaysia au Indonesia yuko karibu na bandari, karibu na kiwanda cha madumu na karibu na mlaji. Alizeti inaweza kuwa bora na mkulima akawa hodari, lakini tofauti hiyo ya usafiri huingia kwenye bei ya kila lita, na mama lishe anayenunua mafuta ya kukaangia huangalia bei.

Ndiyo maana huduma ya mizigo, iliyoanza mwaka 2025, ndiyo sehemu ya SGR ninayoiwekea matumaini makubwa zaidi. Kwa mwenye makasha na shehena kubwa, reli ni njia ya kuaminika kuliko foleni za malori na mizani za Vigwaza na Mikese. Lakini mwenye madumu 500 hawezi kujaza behewa, na wasindikaji wengi wa Dodoma ni wa kiwango hicho. Wanahitaji wakala atakayekusanya mizigo midogo ya wateja wengi kwenye behewa moja, ghala la kuipokelea, na bei ya kila kipimo iliyobandikwa hadharani ili mtu apige hesabu kabla ya kuagiza.

Kwa mfanyabiashara anayesafiri na mkoba wa nyaraka na sampuli chache, naipendekeza treni hii bila kusita, na ninaipa nyota nne kati ya tano. Kwa mwenye mzigo mdogo, nashauri aombe bei ya reli na ya lori kwa pamoja, akijumlisha kwenye ile ya reli kupakia, kushusha na gari la kufikisha mzigo hadi mlangoni, kisha ndipo achague.