Pakiti ya jeli ya baridi, msaada mkubwa baada ya kuchomwa sindano ya tezi

Jamani kama umetolewa sampo kwa sindano kwenye tezi ya thairoidi hapa shingoni, nunua hizi pakiti za jeli za kugandisha, mi nimeipata duka la dawa hapa Tabora mjini na dada muuzaji alinielekeza vizuri sana, Mungu ambariki. Ile sindano ni nyembamba, kidonda hakuna, ila ganzi ikiisha panauma ukimeza na panaweza kuvia damu. Unaifunga na kitambaa safi, usiweke moja kwa moja kwenye ngozi, dakika kumi hivi unatoa, baadae unarudia. Inakaa laini hata ikiganda ndo maana inalala vizuri shingoni, barafu za mfuko zinabonyeza na kuchuruzika maji. Shida ni umeme, ukikatika friji halina kazi, hapo tumia kitambaa cha maji ya mtungini. Na panado inatosha, aspirini achana nayo mpaka daktari aseme maana inaongeza kuvuja damu. Ndoo za maji waachie wengine siku hiyo. Ila shingo ikivimba haraka au pumzi ikibana, kimbia hospitali usingoje jeli.