Kidude cha kuchemshia mayai kwa mvuke: miezi minne baadaye

Niseme mapema kabisa, mimi na vidude vya jikoni tuna historia mbaya. Nina kabati moja pale chini ndo makaburi yao, kuna blenda ya kuchaji, kuna kile cha kukatia parachichi ambacho kisu cha kawaida kinakishinda, kuna na mashine ya kukamulia machungwa niliyoitumia mara moja, nikaiosha dakika ishirini, nikaapa sirudii. Kwaiyo hiki cha mayai nilipokileta mwenzangu alikiangalia tu akasema "haya, karibu kabatini".

Miezi minne sasa bado kipo juu ya meza. Ndo maana naandika.

Kilichonisukuma ninunue ni sufuria. Mimi kati ya kuamka na kufunga mlango nina kama dakika arobaini, na humo humo kuna kuoga, kuvaa, kuvalisha wengine, kutafuta vilivyopotea na kugombana kidogo. Siku hiyo nimeinjika mayai manne nikaenda kutafuta soksi ya mdogo, soksi ikapatikana ndani ya kiatu cha mkubwa (usiulize), nikaona basi nimchane na nywele kabisa, mara nikasikia PAA jikoni. Maji yalishakauka zamani, yai moja limepasuka na kiini kimetapakaa kwenye vigae mpaka karibu na swichi. Sufuria nyeusi, nyumba inanuka, kifungua kinywa siku hiyo kilikuwa biskuti za kula njiani. Na biskuti mnazijua, saa nne tumbo linakuuliza kwani ulinipa nini.

Chenyewe ni kidogo, kama bakuli lenye kifuniko cha plastiki unachoona ndani. Chini kuna sahani ya chuma ndo inayopata moto, juu yake trei yenye matundu ya mayai saba, na unapewa kikombe kidogo cha kupimia maji chenye mistari. Changu kinakula wati 360. Unapima maji unamwaga kwenye sahani, unapanga mayai, unafunika, unawasha, unaondoka. UNAONDOKA. Hicho ndo nilicholipia. Hakina saa ndani wala ujanja wowote, maji ndo saa yenyewe, yakishakauka sahani inapanda joto kupita nyuzi 100, swichi inayohisi joto inakata, kengele inalia. Changu kinajizima chenyewe ila viko vingine vinalia tu na kuendelea kupata moto mpaka uje uzime, kwaiyo soma boksi vizuri kabla hujatoa hela, maana cha aina hiyo kitakurudisha kulekule kwenye sufuria.

Sasa kuna kitu kilinivuruga wiki ya kwanza, nikajua wamechapisha makosa. Mistari ya kile kikombe inasema mayai mengi weka maji MACHACHE, yai moja weka maji mengi. Nikasema haiwezekani, nikajaza maji kwa mayai saba, nikapata mawe yenye duara la kijani kuzunguka kiini. Siku ya mapumziko nikavuta kiti nikakaa nikaangalia kupitia kifuniko ndo nikaelewa. Mvuke unapanda, unakutana na yai la baridi, unageuka matone, matone yanadondoka kwenye sahani yanachemka tena. Mayai yakiwa mengi yanayorudi chini ni mengi, maji yanachelewa kuisha, kwaiyo unahitaji machache toka mwanzo. Tangu hapo nafuata mistari bila ubishi, na kiini kinatoka ninavyotaka karibu kila siku. Na lile duara la kijani halina madhara, ni chuma cha kwenye kiini kimekutana na salfa ya kwenye ute sababu yai limepikwa kupitiliza, ila ukimpa mtoto yai la kijani atakuambia limeoza na hiyo kesi hushindi.

Kitako cha kikombe kina sindano. Wengi hawaitumii, na mimi sikuitumia mwanzoni, mayai yakawa yananipasukia mawili matatu kila mara. Kazi yake ni kutoboa upande ule mnene wa yai, ndani yake kuna kijifuko cha hewa, hewa ikipata moto inatanuka na bila tundu inatafuta njia yake yenyewe. Toboa taratibu, usibonyeze kama unagonga muhuri. Alafu osha sindano na sabuni maana imegusa yai bichi. Na yai ulilotoboa ulile mapema, usiliweke siku nyingi kama lile lenye ganda zima.

Kumenya nako kuna siri ndogo ambayo haihusiani na kidude chochote. Yai la jana linagoma, ganda linatoka na nusu ya ute, unabaki na kitu kama mwezi wenye mashimo. Lililokaa wiki kwenye friji linamenyeka vizuri sababu ute wake umepoteza hewa ya kaboni na haushiki tena ile ngozi ya ndani. Kengele ikilia yatie mayai kwenye maji ya baridi hapohapo, ukichelewa yanaendelea kuiva kwa joto lake mwenyewe.

Haya tuje kwenye kero maana zipo.

Kengele. Jamani hiyo kengele. Aliyeichagua hana jirani wala mtoto anayelala. Inalia kama friji imekasirika, haina pa kupunguzia sauti, na saa kumi na mbili kasoro asubuhi ile sauti inatembea nyumba nzima. Ila kwa haki yake, ndo imekuwa alamu ya pili ya mdogo, akiisikia anaamka anapiga kelele "Mama, kidude kinalia!" na mimi sijamuamsha. Siwezi kusema ni kasoro kwa asilimia zote.

Kero ya pili ni ule ukoko mweupe kwenye sahani. Kama maji yako yana chokaa utauona ndani ya siku chache, na ukiuacha ukazoea unavuruga joto na mayai yanaanza kukuletea majibu tofauti. Namwaga siki kidogo na maji, naacha robo saa, nafuta na sponji, basi. Limau nalo linafanya kazi. Usikitumbukize chote kwenye sinki, chini kuna umeme. Tatu, kifuniko kikifunguliwa mvuke unatoka kwa hasira, fungulia upande wa mbali na uso, niliungua kidogo kwenye kifundo cha mkono wiki ya pili, alama imeshaisha. Na kama nyumbani kwako mmoja anataka kiini laini na mwingine anataka kilichokauka, hapo itabidi ufungue katikati utoe ya kwanza, na hiyo inaua ile raha ya kuondoka.

Ukiishi sehemu za juu sana maji yanachemka kwa nyuzi za chini kidogo, ongeza maji kidogo kuliko mstari unavyosema, utazoea.

Sasa kwa nini hiki kimepona na blenda imekufa? Nimelifikiria sana hili swali kuliko linavyostahili. Blenda ile ya kuchaji ilikuwa na kasi kweli, sekunde arobaini ndizi na mtindi na matunda yameshakuwa kinywaji. Lakini baada ya hapo kuna visu, kuna mpira wa kuzuia kuvuja ambao mbegu zinajificha chini yake, kuna kifuniko chenye kona, na ukisema nitaosha jioni basi jioni unakuta kitu kimekauka kama saruji na kina harufu. Sekunde arobaini za kusaga, dakika sita za sinki. Kidude cha mayai naosha trei kwa sekunde kumi na sahani napitisha kitambaa, nimemaliza. Sa hivi mtu akiniuliza kitu chochote cha kifungua kinywa cha haraka mi namuuliza tu, kinaoshwaje? Watangazaji hawakuonyeshi sinki.

Afu kuna suala la sukari. Tunda ukilitafuna unakula moja unatosheka, kwenye blenda nilikuwa naweka ndizi mbili, embe, na juisi ya boksi ili izunguke, bila hata kuhisi. Juisi hiyo Shirika la Afya Duniani linaihesabu kwenye sukari ya kupunguza, ile wanayosema isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku na ikiwezekana ishuke chini ya 5. Nilikuwa nakunywa soda yenye mbegu nikijiona nina afya.

Mshindani wa kweli wa hiki kidude sio mashine, ni chupa ya kioo yenye mfuniko. Usiku unatia oti, zile zilizobanwa bapa, kama gramu 40, maziwa au mtindi mpaka zifunike, kijiko cha mbegu za chia ukiwa nazo, unatupa kwenye friji, asubuhi unakatia tunda juu unakula hata umesimama. Hamna umeme wala kengele. Wala sio jambo jipya la mitandaoni, kuna daktari wa Uswisi, Maximilian Bircher-Benner, miaka ya 1900 huko alikuwa anawapa wagonjwa wake Zurich oti zilizolowekwa na tofaa la kuparuza. Kwangu kasoro yake ni moja tu, inabidi ukumbuke usiku, na mimi usiku nikikaa kwenye kochi ndo nimekaa.

Na kiukweli hivi viwili vinahitajiana. Mayai mawili makubwa yana protini kama gramu 12 na kalori karibu 150, nashiba mpaka mchana, ila nyuzinyuzi ndani yake ni sifuri, hamna kabisa, wakati mtu mzima anatakiwa apate angalau gramu 25 kwa siku. Gramu 40 za oti zinakupa kama nne hivi. Kwaiyo siku yangu nzuri ni yai na kachupa kadogo ka oti, siku yangu ya kawaida ni mayai mawili, kipande cha mkate wa ngano nzima, nyanya nimekata vipande vinne na tunda la kutafuna njiani. Siku mbaya ni yai lililobaki friji na ndizi, na hata hiyo inaishinda biskuti kwa mbali. Yai lililochemka likiwa na ganda zima linakaa friji mpaka wiki, ya kutobolewa ndo hayo ya kula mapema, na Jumapili najaza trei yote saba. Kama daktari alishakuambia mambo ya kolesteroli au una kisukari msikilize yeye kuhusu idadi, usinisikilize mimi na kidude changu.

Nani asinunue? Anayeishi peke yake na anaamka mapema ana utulivu wake, sufuria ndogo na alamu ya simu vinamtosha kabisa, asijaze meza. Asiyependa mayai pia, utashangaa kuna watu wamenunua sababu kilikuwa na rangi nzuri. Kwa mwenye watoto, au anayeoga huku chakula kinapika, mi nakipa nne juu ya tano, hiyo moja nimeikatia kengele.

Blenda nimempa jirani, nimemuonya kuhusu mpira. Pale ilipokuwa kabatini nimeweka boksi tupu la kidude cha mayai, garantii yake haijaisha, na mwenzangu alipoliona akacheka akasema "si nilikwambia kitafika". Kasema hivyo mdomoni ana yai.