Paa au bomba la maji taka: kipi kianze?

Mtaani kwetu, kwenye nyumba za kaunti hapa Mombasa, pesa za ukarabati zikipatikana hazitoshi yote. Wa ghorofa ya juu wanataka paa. Nawaelewa. Masika ya Aprili na Mei yakianza, mama mmoja wa huko juu hutega beseni 3 sebuleni, na plasta ya dari imebanduka hadi nondo zinaonekana, zimeota kutu. Upepo wa bahari una chumvi. Maji yakishapenya kwenye zege, kutu huvimbisha chuma na zege hupasuka. Kila mwaka unaopita, gharama inapanda.

Wa chini tunalia na bomba la maji taka. Limeziba, linafurika uani, pale pale watoto wanapochezea, hatua chache tu kutoka kwenye mfereji tunaochotea maji. Maji yenyewe huja kwa mgao, na mpira unaoyaleta ukiwa mtupu uchafu unaweza kufyonzwa ndani kupitia nyufa zake. Hapo ndipo kipindupindu hupata njia.

Paa huvuja miezi michache. Uchafu huu hauna msimu. Mimi nasema bomba lianze, na paa lizibwe kwa lami kabla ya masika yajayo. Rangi ya ukuta ingoje.