Kutembea Chini ya Bahari Grand Baie, Morisi: Huduma kwa Wasiojua Kuogelea

Katika ghuba ya Grand Baie, kaskazini mwa Morisi, mgeni asiyejua kuogelea hupelekwa kwa boti hadi kwenye tishari lililotia nanga, akavishwa helmeti na kushushwa kwa ngazi hadi mchangani, mita 3 hadi 5 chini. Matembezi huchukua kama dakika 20 hadi 30. Huduma hii tunaipendekeza, ila usichague kampuni kwa picha za samaki. Tazama wanavyowashusha watu ngazini.

Helmeti haifungwi shingoni. Hukaa mabegani, chini iko wazi, na kompresa iliyo juu ya tishari husukuma hewa kupitia mpira bila kukoma. Hewa inayozidi hutoka chini kwa mapovu, na shinikizo lake huzuia maji yasipande usoni. Ndiyo maana unaweza kubaki na miwani yako na kupumua kwa pua kama kawaida. Nchi kavu helmeti ina kilo 30 hivi, kwa hiyo huvishwa ukiwa tayari umesimama ngazini, maji mabegani. Ikishazama, hewa iliyomo huinyanyua na mabega hubeba kilo chache tu. Mtu ambaye mwili wake unaelea sana huongezewa mkanda wenye vipande vizito vya madini ya risasi, la sivyo miguu haitulii mchangani. Ukiinama kuokota kombe, ukingo mmoja unainuka, hewa inatoroka na maji yanaingia. Piga magoti, mgongo umenyooka.

Wengi huogopa maji, kumbe kinachowakwamisha ni masikio. Kwenye mita 4 shinikizo ni mara 1.4 ya lile la juu, na maumivu huanza mapema, mita ya kwanza au ya pili, mtu akiwa bado ngazini. Pitisha mkono chini ya helmeti, bana pua, fumba mdomo, puliza taratibu. Rudia kila baada ya kipago kimoja au viwili, kabla maumivu hayajaanza. Masikio yakigoma, panda kidogo ujaribu tena. Msaidizi anayeijua kazi yake hungoja. Anayekusukuma kwa kuwa kundi jingine linasubiri anaweza kukupasulia ngoma ya sikio, na huyo hafai hata kama bei yake ni nafuu.

Wakati wa kupanda usizuie pumzi kamwe. Hewa uliyoivuta mita 4 hutanuka kwa asilimia 40 ikifika juu, na pafu linaweza kuchanika.

Kabla ya kulipa, angalia kompresa. Tundu lake la kuvutia hewa liwe mbali na moshi wa injini, upande upepo unakotokea. Ukisikia harufu ya moshi ndani ya helmeti, omba kupandishwa mara moja. Uliza pia mtungi wa hewa ya akiba uko wapi na mzamiaji gani atakuwa karibu nawe chini. Ishara zifundishwe kwa utulivu: dole gumba juu maana yake “nataka kupanda”, na wageni wengi hulitumia kusema mambo ni mazuri, wakajikuta wanarudishwa juu.

Jambo tusilolipenda ni mikate wanayopewa samaki ili wajae mbele ya kamera. Si chakula chao, na huwazoesha kumkimbilia binadamu. Kataa kushika huo mkate, wala usikanyage matumbawe.

Upande wa kaskazini umekingwa dhidi ya upepo wa kusini-mashariki unaovuma sana Juni hadi Septemba, kwa hiyo maji hutulia kuliko pwani ya mashariki. Lakini Agosti joto la maji hushuka hadi nyuzi 22 au 23, baridi kwa aliyezoea bahari ya Zanzibar. Omba vazi la mpira. Januari hadi Machi ni kilele cha msimu wa vimbunga, na kimbunga kikikaribia safari huahirishwa.

Mwenye mafua, pumu, ugonjwa wa moyo, ngoma ya sikio iliyotoboka, au mjamzito, asishuke. Dawa ya kuzibua pua isikudanganye: nguvu yake inaweza kuisha ukiwa chini, na hewa iliyonaswa ndani ya sikio huuma wakati wa kupanda.