Viungo na nazi za Idd: Marikiti hainiangushi

Naandika hii manake tangu Idd nimeulizwa na watu wengi, ati pilau ile umetia nini, na jibu langu ni lile lile kila siku, nilienda soko la Marikiti hapa Mombasa nikanunua viungo vizima na nazi mbichi, basi.

Lakini ili mnielewe lazima nianze na mwaka jana. Mimi ndo mpishi wa familia yetu tangu mamangu magoti yaanze kumsumbua, kwa hivyo Idd zote mbili, arusi, hitma, watoto wakitahiriwa, sufuria kubwa zote zinakuja kwangu Likoni. Sasa mwaka jana kumi la mwisho la Ramadhani kijana wangu aliugua, mchana kutwa niko naye hospitali, na siku mbili kabla ya Idd nikaingia duka moja kubwa tu hapa mjini, nikabeba pilau masala ya paketi na tui la mkebe, dakika kumi nimemaliza. Siku yenyewe pilau ikatoka rangi nzuri kabisa lakini unafunua sufuria hakuna kinachokujia puani, inanuka dania tu, dania na vumbi. Na mbaazi zikawa na ladha ya mkebe. Ami yangu ambae kila mwaka anaongezewa mara mbili alikula alichopakuliwa, akashukuru, akanawa mikono. Hakusema kitu. Watu wengine walikuwa wametoka Vanga, wengine Kilifi, wamefunga mwezi mzima wakija kula pamoja. Iliniuma sana walai, mpaka leo nikikumbuka inaniuma.

Kwa hivyo mwaka huu siku tatu kabla nikavuka feri asubuhi mapema na kapu langu. Kwa wageni wa Mombasa, Marikiti iko Digo Road pale unapoingilia Mji wa Kale, kwenye maandishi utaona imeandikwa MacKinnon Market, lakini ukipanda tuktuk sema Marikiti. Ndani ni matunda na mboga, viungo vingi viko kwa yale maduka ya kando ya soko, utavisikia harufu kabla hujaviona.

Nimejifunza kitu kimoja pale, usikimbilie yale marundo ya unga yaliyopangwa kama vilima mbele ya duka. Yanapendeza kwa picha lakini yamekaa wazi, na unga ukishasagwa harufu yake haikai. Nunua nzima, saga nyumbani. Mzee ninaenunua kwake nilimwambia nataka iliki, akachota kiganja, akachukua moja akaipasua kwa ukucha mbele yangu, mbegu zake nyeusi zimenata hivi zinang'aa, akaniwekea kiganjani. "Onja kwanza mwanangu, hukulazimishwa kununua." Nikatafuna. Ile baridi ikapanda mpaka machoni. Halafu akachukua nyengine kutoka gunia jengine akaipasua pia, mbegu kavu za kijivu, akasema hizi ni za mwaka mwengine, nawauzia wa chai, wewe wa mahamri chukua zile. Angeweza kunichanganyia nisijue. Iliki ndo kiungo cha bei kuliko vyote ukitoa zafarani na vanila, mtu akikwambia ukweli hapo huyo shikamana nae.

Karafuu alisema ni za Pemba. Nilipofika nyumbani nikazijaribu vile mamangu alivyonifundisha, unatia chache kwa glasi ya maji, nzuri zinazama au zinasimama wima kichwa juu, zile zilizokwisha mafuta zinalala juu ya maji. Zangu zote zilisimama. Mdalasini nilichukua aina mbili, yale magome manene magumu kwa pilau manake yanastahmili moto wa muda mrefu, na ule mwembamba uliojikunja kama karatasi kwa tambi. Pilipili manga, bizari nyembamba (wengine mwaiita jira), nikamaliza.

Nazi ndo kazi. Nilinunua 12, kila moja unaitikisa sikioni usikie maji, na unatizama macho yake yasiwe na ukungu wala unyevu. Pale wana mashine ya kukuna, inakuokolea asubuhi nzima ya kukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ila simama hapo hapo umwambie kijana asishindilie mpaka kwenye kifuu, manake akifika kwenye ile ngozi ya kahawia tui linaingia rangi na wali wako hautakuwa mweupe. Kijana wa kwanza aliniharibia nazi mbili hivo hivo huku anazungumza na simu, nikahamia kwa mwenziwe.

Nyumbani nikakamua kwa kifumbu cha mamangu, maji ya vuguvugu, tui la kwanza nikaliweka kando, zito mpaka linaganda kwenye vidole. La pili na la tatu ndo nikapikia mbaazi, lile zito linaingia mwisho na hapo huondoki, unakoroga bila kuacha lisikatike. Watu mnaopenda tui la mkebe sitawagombeza, najua kazi za ofisi zilivyo, lakini kwa Idd fanyeni hivi japo mara moja.

Asubuhi ya Idd wanaume waliporudi kuswali walikuta mahamri, mbaazi, tambi na kaimati, watoto wakala mbio mbio wakatoka kutafuta mkono wa Idd. Mchana pilau, kilo 5 za mchele, nilipikia makaa na nikapalia juu ya kifuniko, nilipofunua mamangu alikuwa chumbani na akaita kutoka huko huko, "Hiyo ndo pilau!" Ami alimaliza, akaongezewa, kisha baada ya watu kunawa nikamuona mlangoni mwa jikoni na sahani yake. "Mwanangu, ukoko umebaki?" Nikamwambia ami, umebaki, nimekuwekea. Nilimkwangulia wote.

Mabaya pia niseme. Ndani ya soko chini kuna maji, vaa viatu vya kufunga. Mikokoteni haikungoji, ukisikia "pisha" pisha kweli. Bei hazijabandikwa popote na wakikuona mgeni zinapanda, kwa hivyo uliza maduka matatu kabla ya kufungua pochi. Na kuna muuzaji mmoja, simtaji, miaka ya nyuma aliniuzia iliki kuukuu chini na nzuri zimewekwa juu, tangu hapo siku zote namwambia mtu achote kutoka katikati ya gunia. Ijumaa maduka mengi yanafungwa saa za swala, nenda asubuhi.

Mimi narudi mwezi ujao, dadangu anaoza binti yake na biriani ni yangu. Yule mzee nimeshamwambia aniwekee zafarani.