Tiketi ya Mwezi ya Ujerumani kwa Kijana Aliyetumwa na Kanisa

Kijana anayetumwa na dayosisi yake kwenda kutumika Ujerumani kwa mwaka mmoja huandaliwa kwa mengi kabla ya kuondoka nyumbani, kuanzia lugha na baridi hadi namna ya kuishi na wenyeji, lakini habari ya nauli huguswa kwa haraka tu. Kwa maoni yangu ilistahili nafasi kubwa zaidi, kwa sababu posho ya mjitolea ni ndogo, na uwezo wake wa kusafiri ndio unaoamua ni watu wangapi atawafikia nje ya kituo chake cha kazi. Ndiyo maana naandika tathmini hii ya Deutschlandticket, tiketi ya mwezi niliyoitumia nilipokuwa nikitumika Wuppertal, nikiipima kwa mahitaji ya utumishi kuliko kwa mahitaji ya mtalii.

Wuppertal si mji mgeni kwa Walutheri wa Tanzania. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya UEM, umoja wa misheni ambao baadhi ya dayosisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni wanachama wake pamoja na makanisa ya Kongo, Rwanda, Kameruni, Namibia, Botswana, Indonesia, Ufilipino, Sri Lanka na ya Ujerumani kwenyewe. Mwaka 1891 wamisionari wa Bethel, kituo cha Kikristo kilichoko Bielefeld, Ujerumani, walifungua kituo cha Mlalo katika milima ya Usambara, na kwa miaka mingi baada ya hapo safari ilikuwa ya upande mmoja. Tangu 1996 makanisa hayo yote yanakaa katika umoja huo kama wanachama walio sawa, na leo vijana wa Kiafrika na wa Kiasia hutumwa Ujerumani kufanya kazi katika nyumba za wazee, shule za chekechea na sharika.

Tiketi yenyewe ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi. Januari 2025 bei ilipanda hadi euro 58, na Januari 2026 ikafika euro 63. Kwa bei hiyo unapanda basi, tramu, treni za chini ya ardhi, treni za mijini na treni za mikoa nchi nzima, daraja la pili, mara nyingi upendavyo. Treni za mwendo kasi za ICE pamoja na IC hazimo. Tiketi huwa ndani ya simu au kwenye kadi, ina jina lako, na hairuhusiwi kumwazima mtu mwingine hata kwa siku moja. Mkaguzi akipita hupiga picha ya msimbo kwa kifaa chake, kisha anaweza kukuomba kitambulisho, kwa hiyo pasipoti au kibali cha ukaazi kiwe karibu. Mimi nashauri kadi pale inapopatikana, kwa kuwa betri ya simu hupungua haraka sana kwenye baridi.

Thamani ya tiketi hii inaonekana katika siku ya kawaida. Zamu ya asubuhi katika nyumba ya wazee huanza mapema, kabla hakujapambazuka wakati wa majira ya baridi; mchana kuna darasa la Kijerumani; jioni kuna kipindi cha vijana wa kipaimara au mazoezi ya kwaya. Wuppertal ni mji mrefu uliobanwa bondeni, na sehemu hizo tatu mara nyingi haziko mtaa mmoja. Kinachoziunganisha ni Schwebebahn, treni inayoning'inia chini ya reli yake juu ya mto Wupper, iliyofunguliwa kwa abiria mwaka 1901 na yenye urefu wa kilomita 13.3 na vituo 20. Behewa hutikisika kidogo abiria wanapoingia, na mgeni hushika nguzo kwa mikono miwili huku wenyeji wakiendelea kusoma magazeti yao. Kulipia kila safari ya siku kama hiyo kwa tiketi ya mara moja kungeila posho yote kabla ya nusu ya mwezi.

Lakini faida iliyonigusa zaidi ni ile isiyoandikwa kwenye ratiba ya kazi. Bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia alihamishiwa mji wa jirani wa Solingen ili awe karibu na binti yake. Kazi yangu kwake ilikuwa imekwisha kwa mujibu wa orodha ya zamu, ila yeye alikuwa amezoea tusali pamoja baada ya chai, naye binti akaniomba niendelee kumtembelea. Treni ya S7 kutoka Wuppertal hupita Remscheid, ikavuka Daraja la Müngsten lililojengwa mwaka 1897 kwenye kimo cha mita 107 juu ya mto, ndipo inaingia Solingen. Sikulazimika kumwomba mtu yeyote nauli, wala kuchagua kati ya kumwona bibi na kununua muda wa maongezi wa kuwapigia wazazi. Kwa njia hiyo hiyo niliweza kuitikia mialiko ya sharika za vijijini zilizotaka kusikia salamu za Tanzania siku ya Jumapili, na kufika Bethel kule Bielefeld kwa kubadilisha treni Hamm.

Kasoro zipo, na zinamhusu zaidi mgeni. Tiketi huuzwa kama mkataba unaojirudia kila mwezi: usiposimamisha kufikia tarehe 10, utakatwa fedha za mwezi unaofuata. Wauzaji wengi hutaka akaunti ya benki, jambo ambalo kijana aliyeshuka uwanja wa ndege wiki iliyopita hana. Treni za mikoa husimama kila mahali na huchelewa, hivyo anayealikwa kuhubiri saa nne asubuhi achukue treni inayotangulia ile anayoiona inamfaa. Safari ndefu, kwa mfano kutoka Wuppertal hadi Berlin, inawezekana kwa kuunganisha treni kadhaa, ila itakula siku yako nzima, na kama kuna semina ya vijana huko ni heri kuomba waandaaji wakulipie ICE. Tena kupanda kwa bei kutoka 49 hadi 63 katika muda usiofika miaka mitatu si jambo dogo kwa mtu asiye na mshahara, na naamini vituo vinavyopokea wajitolea vinapaswa kubeba gharama hii yote badala ya kuwaachia.

Kwa kijana anayetumikia mji wenye sharika nyingi, naipendekeza bila kusita. Anayepangiwa kituo ambapo chumba, kazi na kanisa viko kwenye uwanja mmoja asubiri kwanza aone anatoka mara ngapi kwa mwezi. Na kabla ya kusaini mkataba wowote kwa jina lako, muulize mratibu wako kwa maandishi ni nani anayelipa, kwa sababu vipo vituo vinavyolipia tiketi kwa yule tu aliyeuliza.