Uzoefu wangu: mpini wa upanga wa mwanga wa Star Wars kwa vipande vya Mwanza

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Bomba la stenlesi la reli za ngazi, mpira wa dirisha la alumini, kazi ndogo ya kerezo (mashine ya kuchonga chuma kikiwa kinazunguka) na gundi mbili tofauti vinatoa mpini unaoshinda kwa mbali ile ya plastiki inayouzwa kama kitu cha kuchezea watoto. Vyote nilivipata Mwanza, bila kuagiza kitu nje. Kinachokula hela ni fundi na muda, vifaa vyenyewe si ghali. Bei siandiki kwa sababu karibu zote ni za kuelewana papo hapo, hasa za mabaki ya bomba.

Mpini ninaouzungumzia ni ule wa Luke Skywalker, shujaa wa Star Wars, kwenye filamu ya kwanza, ya mwaka 1977. Haukubuniwa kiwandani. Roger Christian, aliyekuwa mpambaji wa seti, alikuta mishikio ya flashi za kamera za Graflex kwenye duka la vifaa vya picha huko London, akabandika vipande vyeusi vya kushikia sehemu ya chini, na kwenye kibano, ule ukanda wa chuma unaobana maungio ya mpini, akaweka kipande kilichotolewa kwenye kikokotoo. Flashi hizo ni za miaka ya 1940, na mshikio wake ni kopo la betri tatu kubwa, saizi D, zile zile tunazotia kwenye tochi na redio. Ukilijua hilo, kazi yote inabadilika, maana unachotengeneza ni kifaa cha kamera cha zamani ambacho mtu amekigeuza matumizi. Kila kitufe, kila tundu na kila mshono lazima uonekane uliwahi kuwa na kazi. Wengi wanaharibu hapo: wanang'arisha, wanaongeza taa, wanachora alama, na mpini unakuwa pambo.

Mwili kwanza. Mshikio wa Graflex una kipenyo cha karibu inchi moja na nusu, na milimita 38 ni saizi ya kawaida kwa mafundi wa reli za ngazi na baraza. Ukipita karakana za upande wa Nyakato hukosi mabaki ya urefu wa sentimita 30, nayo yanatosha, kwa kuwa mpini mzima ni karibu sentimita 27. Chukua bomba lenye unene wa milimita 1.5, lililong'arishwa kama kioo, si lile lenye mikwaruzo ya brashi. Nenda na betri moja kubwa mfukoni. Ikiingia ndani ya bomba bila kulazimishwa na ikacheza kidogo tu, saizi ni sahihi: bomba lina nafasi ya milimita 35 ndani, betri ina 34. Unene huo ndio pia unaoleta uzito. Sentimita 20 za bomba hilo zina karibu gramu 270, na mkono unautambua uzito huo kabla ya jicho. Usitafute uzito kwa kujaza betri zilizokwisha. Zitavuja, na uchafu wake utatoka kwenye kila tundu ulilotoboa.

Mwambie mapema, "Fundi, naomba usikate kwa grainda." Grainda inaacha ukingo uliopinda na rangi ya bluu ya kuungua. Tatizo la pili la grainda halionekani siku hiyo, nitalirudia mwishoni. Msumeno wa chuma wenye meno madogo unatosha. Zungushia bomba karatasi yenye ukingo ulionyooka hadi ncha zake zikutane sawasawa, kisha ufuate ukingo huo. Kabla ya kubana kwenye jiliwa (kibanio cha mezani cha fundi), ingiza kigogo cha mti ndani ya bomba na uvishe taya za jiliwa kitambaa kinene, la sivyo bomba litabonyea na ubonyeo ule hauondoki.

Kata vipande viwili, cha chini kirefu na cha juu kifupi. Graflex yenyewe ina sehemu mbili, na maungio yake yako eneo la kibano. Ukitumia bomba moja zima utakosa ule mstari mwembamba, na mtu anayeijua filamu atauona upungufu hata kama hatajua aseme nini.

Vipimo vingine nilivitoa kwenye picha. Tafuta picha iliyopigwa kutoka mbali kwa kuvuta, mpini ukiwa umelala ubavu, kwa sababu picha ya karibu inavimbisha sehemu ya kati. Pima upana wa bomba kwenye picha. Kama ni pikseli 190, basi kila pikseli 5 ni milimita 1, kwa kuwa upana halisi ni 38. Kwa hesabu hiyo unapata upana wa kibano, umbali wa kitufe na urefu wa vishikio. Rudia kwa picha tatu uchukue wastani. Picha moja ilinipotosha kwa milimita 4 kwenye nafasi ya kitufe, na milimita 4 kwenye kitu kidogo namna hii inaonekana.

Stenlesi ina tabia yake kwenye kutoboa. Ukiendesha drili kwa kasi na mkono mwepesi, biti inasugua badala ya kukata, chuma kinakuwa kigumu pale pale, na kuanzia hapo hakuna biti ya kawaida itakayopita. Piga nukta kwa senta panchi, tumia biti ya kobalti ya milimita 3, kasi ndogo, kandamiza kwa nguvu, tia mafuta kila mara, halafu panua kwa biti kubwa zaidi hatua kwa hatua. Biti za bei ya chini niliua nne kwenye tundu moja. Kobalti moja ilimaliza matundu yote.

Ndani ya mpini ndipo uimara ulipo. Usitegemee gundi kushika vipande viwili vya bomba. Weka vizibo viwili, kimoja kila mwisho, na katikati upitishe fimbo ya M8 (kipenyo milimita 8) yenye nyuzi mwili mzima, kisha ukaze kwa nati na washa pande zote mbili. Fimbo inavuta kila kitu pamoja, na siku ukitaka kubadilisha kipande unafungua bila kuvunja. Angalizo moja: bomba hili hutengenezwa kwa bati lililokunjwa na kuunganishwa, hivyo ndani lina mshono uliovimba kama uzi. Kizibo cha mviringo kamili kitakwama hapo. Kipige tupa kidogo upande mmoja kiwe na mfereji wa kupitisha mshono.

Huduma ya kerezo naipa alama 4 kati ya 5, na moja iliyopungua ni kosa langu na lao kwa pamoja. Kazi ni vizibo hivyo viwili pamoja na kofia ya chini. Karakana ya kwanza niliyopeleka kazi ilitumia alumini ya kuyeyusha, ile inayotengenezea masufuria. Ikikatwa inafichua vitundu vidogo vya hewa vilivyokuwa ndani, na kofia ikatoka kama ina ndui. Karakana ya pili walikata kofia kutoka kwenye kichwa cha pistoni mbovu ya lori: nyenzo nene, ngumu, isiyo na vitundu, na ikang'aa vizuri kwa msasa namba 400, 800, kisha 1500 wa maji. Wapelekee mchoro wenye vipimo vyote kwa milimita pamoja na bomba lenyewe. Usiseme "kiingie vizuri." Sema kipenyo 34.8. Tofauti ya milimita 0.2 ni nafasi ya kutosha kuingia kwa mkono bila kuyumba.

Kibano ndicho sehemu ngumu kuliko zote. Nilijaribu kwanza kibano cha kiti cha baiskeli chenye mkono wa kufungulia, kwa kuwa umbo linakaribiana, lakini kikubwa nilichopata kilikuwa cha milimita 34.9. Kukipanua hadi 38 hakuwezekani, alumini yake inapasuka kwenye kona ya tundu la boliti. Kilichofaa ni ukanda wa bati la stenlesi la milimita 1.2, uliokunjwa kuzunguka bomba la kipenyo kidogo zaidi, inchi moja na robo, kwa sababu bati likiachiwa hufunguka kidogo na kuishia karibu na 38. Ncha zake mbili zikunje zielekee nje, toboa, pitisha boliti ya M4. Mkono wa kibano tengeneza kwa bati hilo hilo, ukunje mara mbili ili uwe mnene. Hapa usiwe na haraka. Kibano kikilegea, mstari wa maungio chini yake unafunguka na mpini mzima unaonekana wa uongo.

Vishikio vyeusi ni vya mpira wenye umbo la herufi T, na karibu sawa kabisa ni ule mpira unaozuia maji kwenye madirisha ya alumini. Karakana za madirisha huwa na vipande vilivyobaki. Mzunguko wa bomba ni milimita 120, hivyo kwa vishikio sita weka kimoja kila milimita 20. Usipime juu ya bomba. Kata ukanda wa karatasi wa milimita 120, ugawe mezani, uuzungushe, kisha uweke alama. Kwenye gundi, supa gluu isiguse sehemu hii. Inakauka na kuacha ukungu mweupe juu ya mpira mweusi, na kwenye hewa yetu yenye unyevu ukungu huo unazidi. Gundi ya mafundi viatu ndiyo yenyewe: piga msasa mpira na chuma, futa kwa asetoni, paka tabaka jembamba pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka kidole kisinate, kisha bandika mara moja bila kusogeza. Ukibandika ikiwa mbichi, ncha zitanyanyuka ndani ya wiki.

Kile kipande cha kikokotoo kwenye kibano kilikuwa safu ya lenzi ndogo za plastiki. Vikokotoo vya miaka ile vilikuwa na tarakimu ndogo mno za taa nyekundu, na lenzi zilizikuza zisomeke. Kukipata Mwanza usahau. Nilitengeneza kwa ukanda wa plastiki angavu wa milimita 2 na matone ya epoksi ya kukauka polepole, nikiyadondosha kwa sirinji ya mililita 2 kutoka duka la dawa. Tone linajivuta lenyewe kuwa kuba. Epoksi ya dakika tano haifai, ina umanjano na inaganda ndani ya sirinji kabla hujafika tone la nne. Weka chupa zake kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kuchanganya ili mapovu yapande na kutoka. Na wanaokaa karibu na maji, Kirumba, Igombe na kwingineko, msifanye kazi hii usiku chini ya taa. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakija wingu zima, kila tone litakuwa na mdudu wake. Fanya mchana, funika kwa bakuli saa 24.

Kitufe chekundu kilitoka kwenye suichi ya kuwashia pikipiki iliyokufa, kimepunguzwa kimo kwa tupa. Pete ya D ya kuning'iniza ni ya mkoba wa mtumba wa soko la Mlango Mmoja. Chagua nzito ya chuma, ile nyepesi iliyopakwa rangi inafunguka kwenye ungio mpini ukining'inia kiunoni. Ifunge kwa riveti mbili, maana kwa riveti moja tu inazunguka.

Kuchakaza mpini kunahitaji mkono wa kiasi. Rangi nyeusi iliyozimuliwa, ipake kwenye kona na kuzunguka kitufe, ifute mara moja kwa kitambaa, inayobaki kwenye mifereji inatosha. Rangi ya kupuliza niliitumia kwenye sehemu moja ndogo, na nashauri saa nne asubuhi hadi saa tisa mchana siku isiyo na mvua. Ukipuliza alfajiri au baada ya mvua, rangi inapata weupe kama pumzi kwenye kioo.

Sasa lile la grainda. Diski iliyowahi kukata chuma cha kawaida inaacha chembe za chuma hicho juu ya stenlesi. Siku chache baadaye zinatoa madoa ya kutu na mtu anadhani ameuziwa stenlesi bandia. Mabomba mengi yanafika yakiwa na chembe hizo tayari kutoka karakana, hata ukikata kwa msumeno. Paka maji ya ndimu, acha dakika 20, sugua kwa kitambaa, usiguse steelwool ya kawaida kwa kuwa inaongeza chembe nyingine. Suuza, kausha kabisa, na fanya hivyo kabla ya kubandika vishikio, maana ndimu ikiingia chini ya mpira gundi inaachia.